Majina ya Mwokozi Yafundishwe Nyumbani

WAHENGA walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wazazi huyasikia maneno hayo mara nyingi na kuyakubali. Lakini yajapo mambo ya dini, wengi wao huwaachia wengine ulezi huo. Husema kwamba mwalimu wa Shule ya Jumapili atafundisha, na kwamba mwalimu wa shule naye atafundisha, kwa kuwa Elimu ya Dini ya Kikristo imo katika masomo ya shule za Kenya. Basi baba na mama hufikiri kwamba kazi imekwisha.

Kazi haijaisha. Mwulize mtoto wa miaka minane maana ya jina Kristo, naye huenda akajibu kwamba ni jina la pili la Yesu, kama vile yeye mwenyewe alivyo na jina la babaye. Mwulize Emanueli ni nani, naye huenda akataja mtoto mwenziwe wa darasani. Majina hayo huyaimba kila Jumapili kwa sauti nzuri sana, lakini maana yake hajapata kuambiwa. Mtoto wa namna hiyo amepewa sanduku lililofungwa, wala hakupewa ufunguo.

HALI YA KITENGELA

Kitengela ni mji wa Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Namanga. Zamani nchi hii ilikuwa malisho ya Wamasai, tena njia ya wanyama wa porini watokao katika Mbuga ya Nairobi, ambayo ilifunguliwa mwaka 1946 na upande wake wa kusini haukuzungushiwa ua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ardhi iliyokuwa ya jumuiya iligawanywa kwa mtu mmoja mmoja. Baada ya mwaka 1990 viwanda vya kutengeneza bidhaa za kuuzwa nchi za nje vilianza kujengwa Athi River, na watu wa makabila yote wakaja kutafuta kazi na mahali pa kukaa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 katika mji huu.

Makanisa hayakupungua. Jimbo Katoliki la Ngong lipo tangu mwaka 1976, Dayosisi ya Anglikana ya Kajiado ilianzishwa mwaka 1993, na wamisionari wa Africa Inland Mission walikuwa wamekwisha kufanya kazi katika nchi ya Wamasai kabla ya hao kwa miaka mingi. Pamoja na hayo yako makanisa madogo madogo ya mabati, mapya kwa mazee, karibu katika kila mtaa.

Kilichopungua ni saa za mzazi na mwanawe. Mama aendaye kiwandani huondoka kabla ya mapambazuko, na baba afanyaye kazi Nairobi hurudi gizani kwa sababu ya msongamano wa magari. Mtoto hushinda na msaidizi wa nyumbani, au na televisheni, au na simu. Mzazi akitaka kumfundisha jambo, hana zaidi ya robo saa kabla ya mtoto kulala. Kwa hiyo yafaa kuangalia robo saa hiyo yaweza kutumiwa namna gani.

DESTURI YA ZAMANI

Kufundisha dini nyumbani si jambo geni lililoletwa na watu wa siku hizi. Katika sura ya 6 ya Kumbukumbu la Torati, Waisraeli waliamriwa kuwafundisha watoto wao maneno ya Mungu wakiwa wameketi nyumbani, wakiwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Timotheo, aliyekuwa msaidizi wa Mtume Paulo, alipata imani kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, kama Paulo mwenyewe alivyomkumbusha katika barua. Na Martin Luther alipoandika Katekisimu Ndogo mwaka 1529, aliiandika ili mkuu wa kila nyumba aweze kuwafundisha watoto na watumishi wake kwa maneno mepesi. Katika habari hizo zote, nyumba ndiyo shule ya kwanza, na kanisa huja kuongeza juu ya msingi huo.

MTU MMOJA, MAJINA MENGI

Maandiko humpa Yesu majina na vyeo vingi: Mwokozi, Kristo, Emanueli, Mwana wa Adamu, Mwana-Kondoo wa Mungu, Mchungaji Mwema, Nuru ya Ulimwengu, Neno, Kuhani Mkuu, Mfalme wa Amani, Alfa na Omega, na mengine mengi. Mtoto mdogo ayasikiapo hudhani kwamba ni watu wengi. Basi somo la kwanza ni kumwonyesha kwamba mtu mmoja aweza kuitwa kwa majina mengi, kila jina likitaja kazi yake moja.

Mfano wake umo nyumbani. Baba huitwa Baba na wanawe, huitwa kwa jina lake na rafiki zake, huitwa Fundi na wateja wake, na kanisani huitwa Mzee. Hakubadilika, ila kila mtu amwita kwa jambo alilolipata kwake. Mtoto akiisha kufahamu hilo, atafahamu pia kwa nini kipofu wa Yeriko alimwita Yesu Mwana wa Daudi, na Yohana Mbatizaji akamwita Mwana-Kondoo.

Jina Yesu lenyewe lina maana. Kwa Kiebrania ni sawa na Yoshua, nayo maana yake ni kwamba Mungu huokoa. Ndiyo sababu malaika, katika Injili ya Mathayo, alimweleza Yusufu jina hilo pamoja na kazi ya mtoto atakayezaliwa. Hapo ndipo pa kuanzia.

MAMBO ALIYOYAONA MTOTO

Baada ya hapo yafaa kuchukua kwanza majina ambayo mtoto wa Kajiado huyaona kwa macho. Jina la Mchungaji Mwema ni la mbele. Katika nchi nyingi mtoto husoma habari za mchungaji katika picha tu. Kwa Wamasai mchungaji, yaani olchekut, mara nyingi ni mtoto mwenyewe: kijana mdogo hupewa wana-kondoo, kisha kondoo na mbuzi, na baadaye ng'ombe. Akiambiwa kwamba Mwokozi ni mchungaji, hasikii habari za mtu mkubwa wa mbali. Asikia habari za mtu aliyefanya kazi kama yake, aliyechomwa na jua na kuhesabu wanyama jioni. Tena siku hizi, kwa kuwa watoto wengi wako shuleni, wenye mifugo huajiri wachungaji wa mshahara. Basi mtoto aweza kuelewa upesi tofauti ambayo Yesu aliieleza katika sura ya 10 ya Yohana, kati ya mchungaji wa kweli na mtu wa mshahara akimbiaye aonapo mnyama mkali.

Katika sura hiyo hiyo Yesu alijiita Mlango. Mtoto wa mjini hufikiri mlango wa mbao wenye kufuli, naye hushangaa. Afadhali apelekwe kutazama boma la Kimasai. Boma huzungushiwa ua wa miiba, na kila mwenye nyumba ana lango lake. Jioni wanyama wakiisha kuingia, lango huzibwa kwa matawi ya miiba hadi asubuhi. Asiyepita langoni ni mwizi au ni simba. Mtoto akiona hayo, hana haja ya maelezo marefu.

Jina la Nuru nalo lina mfano mzuri uliotoka Kitengela yenyewe. Richard Turere, mtoto wa Kimasai ambaye nyumba yao iko mpakani mwa Mbuga ya Nairobi, alipewa kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake alipokuwa na umri wa miaka tisa. Simba walikuja usiku na kuua. Alijaribu moto, akajaribu sanamu ya mtu, na simba wakazizoea. Usiku mmoja alipokuwa akizunguka zizi na tochi aliona kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Basi akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha kuwashia taa za ishara za pikipiki, na kibao cha kupokea nguvu za jua, akatengeneza taa za kumetameta kuzunguka zizi, na ng'ombe wakapona. Mwaka 2013, akiwa angali mtoto, aliyaeleza hayo mbele ya mkutano wa TED huko California. Mzazi anayetaka kufundisha kwamba Mwokozi ni Nuru aweza kusimulia habari hiyo, kisha aulize: Taa zilifanya nini? Zilimlinda nani? Simba waliogopa nini?

Lakini mtoto mwerevu naye atauliza swali lake. Simba ndiye adui wa mifugo yetu. Mwezi wa Juni 2012 watu wa Ilkeek-Lemedung'i, Kitengela, waliwaua simba sita baada ya mbuzi kuliwa. Mbona basi Ufunuo humwita Yesu Simba wa kabila ya Yuda? Mzazi asimnyamazishe, kwa maana swali hili ni zuri. Na amsomee sura ya 5 ya Ufunuo mpaka mwisho. Yohana aliambiwa kwamba Simba ameshinda. Akageuka kutazama, akaona Mwana-Kondoo aliyechinjwa. Nguvu za simba zimo, ila hazikutumiwa kwa kurarua wengine. Mtoto aliyekua karibu na simba huenda akalifahamu fumbo hilo kuliko mtaalamu aliyeko mbali.

Na kondoo mwenyewe anajulikana. Mbuzi akishikwa ili achinjwe hupiga kelele, kondoo hunyamaza. Kadhalika Wakikuyu wa zamani walimtoa mwana-kondoo chini ya mti wa mugumo walipoomba mvua, na makabila mengine yalikuwa na desturi zinazofanana na hiyo. Bibi na babu waweza kuwaeleza wajukuu jambo hili vizuri zaidi kuliko kitabu, na kuwaonyesha kwa nini Wakristo husema kwamba sadaka moja ilitosha.

HAZINA ILIYOMO KATIKA KISWAHILI

Kiswahili nacho chamsaidia mzazi. Johann Ludwig Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, na Biblia ya tafsiri ya Union, inayotumiwa na wengi mpaka leo, ilipigwa chapa mwaka 1952. Maneno ambayo watafsiri waliyachagua yana historia.

Tazama neno Mkombozi. Kukomboa ni kutoa mali ili kitu kilichowekwa rehani kirudi, au ili mtu aliyefungwa aachiliwe. Katika pwani yetu neno hilo halikuwa mfano tu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu la Anglikana. Karibu na Mombasa, katika miaka hiyo ya 1870, kijiji cha Frere Town kilianzishwa kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Mtu wa siku zile aliposikia jina Mkombozi, alijua uzito wa mnyororo na bei ya kuufungua. Mtoto akiambiwa habari hizo hatasahau.

Tazama pia jina Mwana wa Adamu, ambalo katika Injili Yesu alipenda kujiita. Katika mazungumzo yetu ya kila siku mwanadamu ni mtu yeyote. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili hufahamu mara moja nusu ya maana yake, kwamba Yesu alikuwa mtu kweli, aliyeona njaa na kulala usingizi. Nusu ya pili imo katika sura ya 7 ya Danieli, ambapo mmoja aliye mfano wa mwanadamu apewa ufalme usiokoma. Jina moja labeba unyonge na utukufu pamoja.

Bwana nalo ni neno la kuangaliwa. Kwetu kila mtu ni bwana: bwana wa nyumba, bwana afisa, bwana jirani. Tangu mwamko wa dini ulipoenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, Wakristo wengi wa Afrika Mashariki husalimiana kwa kumsifu Bwana Yesu. Ni salamu njema, lakini yaweza kuwa mazoea matupu. Mtoto aelezwe kwamba amwitaye Yesu Bwana akiri kuwa yuko chini ya amri yake.

MAJINA MAGUMU

Yako majina ambayo hayana mfano wa karibu, nayo yataka subira. Kristo ni neno la Kigiriki, na Masiya latoka katika Kiebrania. Yote mawili maana yake ni Mpakwa Mafuta. Katika Israeli waliopakwa mafuta walikuwa hasa wafalme na makuhani. Wamasai hawakuwa na wafalme. Walikuwa na viongozi wa rika, olaiguenani, na walikuwa na oloiboni. Basi kwa mtoto wa Kimasai Mfalme wa Amani huanza kueleweka kwa habari za kiongozi wa rika asimamaye kupatanisha wenye ugomvi, kisha mzazi aongeze kwamba huyu hakuchaguliwa na rika moja tu.

Mkate wa Uzima nao wahitaji neno moja. Kwa wengi wetu mkate ni kitu cha kunywea chai. Kwa watu wa Galilaya ulikuwa kama ugali kwetu, au kama maziwa kwa mfugaji: ukikosekana, watu wamelala na njaa. Watoto wa Kajiado walioona ng'ombe wakifa katika ukame wa mwaka 2009 na ule uliokwisha mwaka 2023 wajua maana ya chakula kukosekana.

Huenda mtoto akauliza pia kwa nini rafiki yake Mwislamu humwita Yesu Nabii Isa. Na aambiwe kweli kwa upole: kwamba Kurani humheshimu Isa na kumwita Masihi, lakini Waislamu hawamkiri kuwa Mwana wa Mungu kama Wakristo wamkirivyo. Mtoto aliyefundishwa vema imani yake hana sababu ya kumdharau jirani.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Jina moja kwa juma moja latosha. Jumatatu mzazi alitaje na kusoma fungu lake. Siku zifuatazo aulize maswali matatu tu: Jina hili lina maana gani? Yesu alifanya nini kilichoonyesha kwamba ni kweli? Nalo lanihusu mimi namna gani? Mwisho wa juma mtoto na aeleze mwenyewe kwa maneno yake, hata kama yatachekesha. Asipigwe kwa kukosea, wala asitishwe kwa jina la Mwokozi ili amalize uji wake. Jina lililotumiwa kuwa fimbo halitapendwa.

Picha nazo zasaidia. Wakristo wa kwanza walitumia alama ya samaki, kwa kuwa neno la Kigiriki la samaki, ichthys, huandikwa kwa herufi tano, na kila herufi ni mwanzo wa neno moja katika maneno haya: Yesu, Kristo, wa Mungu, Mwana, Mwokozi. Kipande cha kaa na ubao mmoja vyatosha kumfanya mtoto akumbuke majina hayo muda wote wa maisha yake.

Majira ya kabla ya Krismasi yafaa kuliko yote. Kwa zaidi ya miaka 1,000 Kanisa la Magharibi limekuwa na desturi ya kumwita Mwokozi kwa majina saba katika sala za jioni, kuanzia tarehe 17 hadi 23 Desemba: Hekima, Bwana, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa, na Emanueli. Herufi za kwanza za majina hayo kwa Kilatini, zikisomwa kutoka mwisho, huunda maneno yenye maana ya kwamba kesho nitakuwapo. Siku hizo shule zimefungwa na familia nyingi hukusanyika. Kila jioni jina moja, na usiku wa sikukuu mtoto atajua amngojea nani.

HATARI YA KUTOJUA

Pengine msomaji atasema kwamba mambo haya ni mapambo tu. Na akumbuke yaliyotokea katika nchi hii mwaka 2023. Huko Bungoma mtu mmoja alijulikana kote kwa jina la Yesu wa Tongaren, na watu walimfuata. Katika mwaka huo huo, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili ya watu zaidi ya 400 ilifukuliwa, wakiwamo watoto wengi. Iliripotiwa kwamba waumini walikuwa wamefundishwa kujinyima chakula ili wamwone Yesu. Watoto wale hawakuchagua njia ile. Waliipita kwa kuwa wazazi wao waliipita.

Yesu mwenyewe alionya, katika sura ya 24 ya Mathayo, kwamba wengi watakuja wakilitumia jina lake. Mtu ajuaye jina bila kazi yake hana cha kumpimia anayekuja. Lakini ajuaye kwamba Mchungaji Mwema hutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo, ana kipimo mkononi. Akimwona mchungaji anayedai uhai wa kondoo, au mali yao yote, au chakula cha watoto wao, atajua kwamba huyo si yeye. Akisikia kwamba Mkate wa Uzima aliwalisha watu wenye njaa jangwani, atamshangaa mhubiri awanyimaye uji watoto. Maarifa hayo madogo, yaliyopandwa nyumbani kwa robo saa, yaweza kuwa ua wa miiba siku simba atakapokuja.

Neno la mwisho ni kwa wazazi wenyewe. Mtoto hujifunza maana ya mchungaji kwa kuona jinsi anavyochungwa. Nyumba yenye ngumi na matusi kila usiku haitaweza kumfundisha Mfalme wa Amani, hata ikiwa na Biblia tatu mezani. Baba ambaye akikosa huomba radhi, na mama ambaye, ingawa amechoka, humketisha mwanawe kando yake na kumsikiliza, wameanza kufundisha kabla ya kutamka jina hata moja.